Jezi ya Mtaliano: sahihi zimetiwa au zimechorwa?

SWALI: Assalamu alaikum, mzee. Babangu alikuwa mlinzi kwa Mtaliano mmoja kule Casuarina, hapa Malindi. Mtaliano aliporudi kwao moja kwa moja mwaka 2013 alimwachia baba jezi ya Inter Milan yenye sahihi kumi na nne kifuani, pamoja na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti kinasema ni sahihi za kikosi cha msimu wa 2009-2010, kile kilichotwaa vikombe vitatu, na kimetaja Zanetti, Milito, Eto'o, Sneijder, Balotelli, Mariga wetu wa Kenya na kocha Mourinho. Dalali anatoa shilingi 20,000 taslimu. Rafiki yangu ameona jezi kama hiyo kwenye intaneti kwa euro 2,000. Nimekutumia picha. Ni za kweli? Bei yake nitaijuaje? Na mama anauliza kama anaweza kuifua, imeshika ukungu. (Msomaji, Barani)

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Naanza na la mama kwa sababu halingoji: asiifue. Sabuni na kusugua vitapausha wino, na pasi usiisogeze hata karibu. Ukungu huo umeletwa na mfuko wa nailoni ninaouona kwenye picha ya kwanza. Hewa ya kwetu ina chumvi na unyevu, ukiifungia ndani ya nailoni inatoa jasho. Itoeni, muitandaze kivulini penye upepo, ikikauka kabisa mpanguse ukungu kwa brashi laini, kavu, bila kugusa maandishi. Kisha ifungeni ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kisicho na rangi na muiweke kabatini, gizani. Msiitundike ukutani penye jua. Nimeona jezi iliyokaa miaka michache mkabala wa dirisha la baharini. Sahihi zimebaki kama kivuli cha moshi. Na mkiona herufi imefifia, msithubutu kuikoleza kwa kalamu mpya. Hapo mtakuwa mmeitia jezi yenu sahihi ya kubuni kwa mikono yenu wenyewe.

Sasa lako. Riziki yangu haitoki kwenye mpira. Mimi huchunguza sahihi za hati za mashamba, wasia na hundi, na anayeijua Malindi anajua kwamba mashamba hayajawahi kunikosesha kazi. Jezi huletwa kwangu mara mojamoja, nyingi zikitoka kwenye nyumba za Wataliano waliohama. Lakini mkono ni mkono, uwe umeandika kwenye hati au kwenye polyesta.

Kabla ya sahihi niliitazama jezi yenyewe, na picha yako ya pili ndiyo iliyonifanya nivute kiti. Kifuani kuna alama mbili: ile ngao ndogo ya rangi za bendera ya Italia, scudetto, ambayo bingwa wa ligi huivaa msimu unaofuata, na kando yake duara la rangi hizohizo, ambalo huvaliwa na aliyetwaa Kombe la Italia. Sasa tuhesabu. Msimu wa 2009-2010 Inter walivaa ngao kwa sababu walikuwa mabingwa wa 2009, lakini Kombe la Italia la mwaka huo lilikuwa limekwenda Lazio. Duara hawakuwa nalo. Walilipata baada ya kuifunga Roma tarehe 5 Mei 2010, wakachukua ligi tarehe 16, na tarehe 22 wakawalaza Bayern 2-0 pale Madrid katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mabao yote ya Milito. Jezi yenye alama zote mbili ni ya msimu uliofuata, 2010-2011.

Na hapo ndipo cheti kinapoanza kujikwaa. Mourinho aliondoka kwenda Real Madrid siku chache tu baada ya fainali. Balotelli alihamia Manchester City Agosti 2010. Kwa Balotelli naweza kunyamaza kidogo, maana jezi za msimu mpya hutoka kiangazi cha Ulaya naye alikuwa bado hapo. Mourinho ndiye anayenitatiza: atie sahihi jezi ya msimu ambao hakuufundisha, akiwa ameshavaa koti la watu wengine? Laweza kutokea, mtu humfuata kocha hotelini na chochote alicho nacho, lakini basi haiwezi kuwa ilitiwa sahihi na kikosi kizima siku moja, kama cheti kinavyodai.

Usikate tamaa bado. Zanetti, Milito, Eto'o, Sneijder na Mariga wote walianza msimu wa 2010-2011 wakiwa bado Inter. Huenda hii ni jezi ya kweli, yenye sahihi za kweli za kikosi hicho, halafu muuzaji fulani akaona vikombe vitatu vinauza zaidi, akaipachika cheti cha mwaka uliotangulia. Cheti kikawa cha uongo na wino ukawa wa kweli. Nimeona kinyume chake pia, mara nyingi zaidi. Kwa hiyo geuza jezi ndani, ubavuni, utafute kile kitambaa kidogo chenye namba ya bidhaa na maelezo ya kufua. Nipigie picha yake kwa karibu. Pia tazama kama zile alama za kifuani zimebanwa kiwandani au zimeshonwa baadaye na fundi. Uzi wa cherehani ya mtaani haufichiki.

Kuhusu huo muhuri wa dhahabu: muhuri kama huo unachongwa kwa bei ya sahani ya biriani. Miaka ya 1990 FBI ya Marekani ilifuatilia magenge ya kughushi sahihi za wanamichezo katika operesheni iliyoitwa Bullpen, na bidhaa zao zilikuwa zikiuzwa na vyeti vizuri kabisa. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mpira wa besiboli wenye sahihi ya Mama Teresa. Cheti kina maana pale tu aliyekitoa anajulikana na anaweza kuulizwa. Kampuni za kuthibitisha sahihi kama PSA, JSA na Beckett huweka stika yenye namba kwenye kitu chenyewe, na namba hiyo unaitafuta kwenye tovuti yao. Ukiipata, soma maelezo: namba ya kweli hunakiliwa ikabandikwa kwenye kitu kingine. Cheti chako hakina namba, hakina anwani, na neno "autentico" limechapwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Kiweke, usikichane, ni sehemu ya historia ya jezi. Usikitegemee tu.

Tuje kwenye wino. Mwenye sahihi huitia, mwizi wa sahihi huichora. Tofauti ni mwendo. Mchezaji ametia sahihi yake mara elfu kadhaa, mkono unapita bila kuuliza. Kalamu inagusa kitambaa ikiwa tayari inatembea na inaondoka ikiwa bado inatembea, ndiyo maana mwanzo na mwisho wa mstari huwa mwembamba kama mkia wa samaki taa. Anayechora huweka kalamu, anatazama mfano, anavuta, anasimama, anatazama tena. Kila aliposimama wino wa maka, ile kalamu nene ya kuandikia kwenye kitambaa, umezama na kuenea, ukaacha kidonda cheusi. Kitambaa ni shahidi mzuri kuliko karatasi kwa hili, kwa sababu kinanyonya kila kusita. Lakini kuwa mwangalifu: jezi isiyovutwa vizuri hukunjamana chini ya kalamu, na hata sahihi ya kweli hukatika na kuruka. Mkunjo hukata mstari ghafla na kuuendeleza mbele kwa kasi ileile. Kusita hupunguza kasi. Ukishaona mara kumi hutachanganya.

Huna haja ya maabara kuliona hili. Nenda kwa sonara yeyote mjini, mwombe kwa adabu lenzi yake ya kukuza mara kumi, usimame mlangoni penye mwanga wa asubuhi. Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika kwa kukosa subira hiyo. Niliitazama picha ya mchezaji kwa macho matupu chini ya balbu, nikamwambia mwenyewe ni sahihi ya kalamu. Siku ya pili nikaiweka chini ya lenzi: vijinukta vya rangi, wino wa mashine ya kuchapa, sahihi na picha vimechapwa pamoja. Nilimrudishia pesa yake. Klabu nyingi huuza jezi na picha zenye sahihi za kuchapwa, bila kumdanganya mtu, ila mkononi mwa mnunuzi wa tatu zinageuka kuwa "za kweli". Kwenye jezi, sahihi ya kuchapwa hukaa juu ya kitambaa kama utando na kingo zake ni safi mno. Wino wa maka huingia ndani ya nyuzi na kingo zake zina vinyweleo.

Taa ya zambarau ya kukagulia noti, ambayo najua utaifikiria, haitakusaidia hapa. Inafaa kwa picha na karatasi za zamani sana. Polyesta iliyowahi kufuliwa kwa sabuni ya unga itang'aa tu.

Kwenye picha yako ya tatu, sahihi kumi na nne zimesomeka. Tisa za juu zinanipendeza. Ukubwa wake ni tofauti, mbili zimepandana, moja imeandikwa karibu juu chini, kama ambavyo hutokea jezi ikiwa juu ya meza na watu wameizunguka. Kwamba zote ni za maka moja nyeusi si kosa, kalamu huzunguka pamoja na jezi. Tano za chini ndizo sizipendi: zimejipanga kwenye mstari kama watoto wa madrasa, zinalala upande mmoja kwa mwinamo uleule, na tatu kati yake zinaanza na doa. Moja ya hizo tano ndiyo inayodaiwa kuwa ya Mourinho, nyingine ya Balotelli. Sitasema zaidi kwa picha ya simu, lakini dhana yangu unaiona inakoelekea: sahihi za kweli zilizoongezewa majirani. Ya Mariga, nashukuru, iko juu.

Ili kuthibitisha nitahitaji mifano ya kulinganisha, na mifano hiyo isitoke kwa wauzaji. Tafuta picha au video za wachezaji hao wakitia sahihi kati ya 2009 na 2011. Sahihi hubadilika: ile ya Muhammad Ali wa miaka ya 1960 na ile ya baada ya ugonjwa wa Parkinson kumshika mkono ni kama za watu wawili. Na sahihi iliyofupishwa kuwa mkwaruzo mmoja, hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekuapia juu yake, akiwemo huyu anayekuandikia.

Kisha kuna safari ya jezi. Baba aende kwa wakili akaape hati ya kiapo: alipewa na nani, lini, mbele ya nani. Hiyo itaithibitisha jezi tangu 2013 na kuja huku. Kabla ya hapo ni Mtaliano pekee anayejua. Kama baba bado ana namba yake, ampigie, amjulie hali kwanza, kisha amuulize aliipata wapi. Kama aliinunua kwenye mnada wa hisani au alipewa na mtu wa klabu, barua fupi yenye jina na tarehe, au risiti, ni mali kuliko muhuri wote ule wa dhahabu. Jezi aliyoivaa Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's Mei 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7. Palizuka maneno kwamba ni ile ya kipindi cha kwanza, wala si aliyofungia mabao, lakini walioiuza walikuwa wamelinganisha alama za kitambaa na picha za mechi moja baada ya nyingine. Na safari yake ilikuwa fupi, inayosimulika kwa pumzi moja: kutoka kwa Maradona hadi kwa Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza aliyebadilishana naye jezi, kutoka Hodge hadi mnadani.

Bei, basi. Ile euro 2,000 ni bei ya kuombwa, na kuomba hakulipiwi kodi. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chagua kuona vitu vilivyokwisha kuuzwa, utazame zilizolipiwa kweli, za msimu uleule, zenye uthibitisho wa aina moja na ulio nao wewe. Halafu utoe gharama. Tuseme jezi imefika euro 500 mnadani na kamisheni ni asilimia 20: zimebaki 400, na hujalipia usafirishaji, bima wala ada ya wathibitishaji. Baadhi yao hutoa maoni ya awali kwa picha kwa ada ndogo. Anzia hapo kabla hujaipandisha ndege. Ukumbuke pia kwamba hii ni jezi ya dukani. Iliyovaliwa uwanjani ni soko jingine kabisa.

Mnunuzi wa Milano atamtafuta Zanetti na Milito. Mnunuzi wa Nairobi huenda akamtafuta Mariga, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, na kwake sahihi hiyo moja ikithibitika inaweza kuwa ndiyo jezi nzima. Sahihi tano za chini zikithibitika kuwa za kubuni, zitaje wazi unapouza. Zitashusha bei, ndiyo, lakini ukizinyamazia unauza udanganyifu, na hilo lina mahakama yake hapa hapa Malindi.

Dalali mwambie angoje. Akikwambia ofa yake inakwisha leo, mwulize mbona ana haraka kuliko mwenye mali. Wewe njoo nayo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, imefungwa ndani ya kitambaa, pamoja na cheti. Na uje na baba, maana nina maswali yake kuhusu siku ile Mtaliano alipoitoa kabatini, na kama sahihi za chini zilikuwepo.