Si lazima digrii ya kemia

Ukiuliza kama ni lazima uwe umesomea kemia tangu mwanzo ili uingie kemia ya nadharia, yaani kuieleza kemia kwa hesabu na kompyuta, jibu ni hapana. Tazama Nobel ya Kemia ya 1998: waliigawana wawili, na hakuna kati yao aliyefanya uzamivu (PhD) wa kemia. John Pople aliufanya wa hisabati Cambridge (1951), Walter Kohn wa fizikia Harvard (1948). Wasifu wao upo kwenye tovuti ya Nobel, mtu yeyote anaweza kuusoma. Pople na kikundi chake ndio walioandika Gaussian 70, programu ya kukokotoa elektroni za molekuli, na matoleo yake ya baadaye wakemia wa maabara wanayatumia hadi leo. Kwangu mimi huo ni mchango mkubwa kuliko makala mia.

Ila angalia: wale wawili walituzwa kwa kazi ya elektroni. Kama unachotaka ni dainamiki ya kwantamu, yaani jinsi atomu zenyewe zinavyosogea, kwa sheria za fizikia ya vitu vidogo mno, wakati mmenyuko unatokea, hilo ni tawi jirani. Wakemia wa nadharia Schatz na Kuppermann walipochapisha mwaka 1976 hesabu kamili ya kwantamu, kwa vipimo vyote vitatu, ya atomu ya haidrojeni kugongana na molekuli ya haidrojeni, mfumo ulikuwa na atomu tatu tu! Ukiongeza atomu, hesabu inavimba kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo aljebra ya mstari, milinganyo tofautishi na uandishi wa programu vitakufaa mno. Kemia utajifunza ukiwa njiani, lakini jifunze kweli.