Ua kwanza, miche baadaye

SWALI: Asalaam alaykum. Kikundi chetu katika shehia moja ya Wilaya ya Wete kilipanda mikarafuu na mizambarau kwenye mteremko ulio juu ya bonde la mpunga. Masika yalikuwa mazuri, lakini hadi kaskazi inamalizika ilibaki michache tu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka. Tunataka kupanda tena na kuzungushia ua wa miti. Tuanzie wapi?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Barua yenu imenigusa, kwani mche uliopandishwa kilimani ndani ya pakacha kichwani mwa mtu, kisha ukaliwa na mbuzi kwa asubuhi moja, ni jasho la watu lililopotea. Safari hii ua utangulie, miche ifuate masika ya pili.

Mwishoni mwa kaskazi, kabla mvua haijaanza, kateni matawi yaliyokomaa ya gilirisidia, mti ambao tawi lake likichomekwa ardhini huchipua, yenye unene wa mpini wa jembe na urefu wa mita moja na nusu hivi. Upande wa chini ukatwe mshazari, ili wachomekaji wasichanganye juu na chini. Zamisheni kila tawi zaidi ya shibiri moja na muache dhiraa moja baina ya tawi na tawi, kisha mfunge fito za kukingama kwa kamba za makumbi mpaka ua usimame wenyewe. Mbuzi wakishaizoea gilirisidia huila, kwa hiyo upande wa nje pandeni mbono kaburi kwa kubananisha, kwa kuwa majani yake hawayataki. Waonyeni watoto mapema na kwa msisitizo: mbegu za mbono ni sumu. Ua ukishashiba, pogoeni gilirisidia na mtandaze majani yake kwenye mashina ya mikarafuu, kwani yana rutuba nyingi.

Kwa kuwa konde lenu lina mteremko, pigeni pia mistari miwili au mitatu ya gilirisidia ndani yake, ikikata kilima kwa upana. Simameni kwenye mfereji wa bonde mara baada ya mvua kubwa muyaangalie maji: yakiwa mekundu, huo ni udongo wa konde lenu unaokwenda kuufukia mpunga wa jirani.

Mkarafuu mchanga hauvumilii jua kali. Tangulizeni migomba iupe kivuli, au simamisheni kuti upande wa jua la alasiri, na kila nyumba ikabidhiwe miche yake ya kumwagilia kuanzia Disemba hadi Machi. Mche wa kikundi kizima, katika uzoefu wangu, hufa kwa kiu huku kila mtu akidhani mwenzake ameshapeleka maji.

Jambo moja hamkuliuliza, nami naliona zito kuliko yote. Kwetu Zanzibar ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na sehemu kubwa ya makonde yetu ni ya eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo leo zimo mikononi mwa watoto na wajukuu. Kabla hamjachomeka hata tawi moja, kaeni na mwenye konde mbele ya sheha, muandike nani atachuma karafuu, nani atakata kuni za ua, na itakuwaje mmoja wenu akifariki. Mkarafuu huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda.

SWALI: Sisi wa Makunduchi ardhi yetu ni maweni. Je, tufanye hivyo hivyo?
Msomaji, Unguja

JIBU: Mikarafuu iacheni, kwani inataka udongo wenye kina. Tafuteni mashimo yaliyojaa udongo baina ya mawe mpande mikwaju na miarobaini humo, na mivinje muipeleke kwenye mchanga wa pwani. Kwa ua, mbono kaburi utakufaeni, ila fukieni vipande vyake popote jembe linapozama, hata kama mstari hautanyooka.