Bima ya nyumba na sahani za santuri: jibu kwa aliyeuliza wa Tanga

Mkuu, umeuliza kama bima ya vitu vya ndani uliyokata inatosha kulinda sahani 600 za santuri alizokuachia marehemu mzee. Kwa ilivyo sasa haitoshi. Hati yako inasema "vitu vya ndani, milioni 20" na basi. Haijui kama hizo sahani zipo. Nyumba ikiungua, mtathmini wa hasara atakuta plastiki nyeusi iliyoyeyuka na ataandika bei ya plastiki nyeusi.

Fungua hati utafute kifungu cha kitu kimoja. Hati nyingi za huku zina sentensi kwamba kitu kisichotajwa kwa jina hakitahesabiwa kuwa na thamani inayozidi asilimia fulani ya jumla, mara nyingi 5. Kwa milioni 20, hiyo ni milioni 1. Sahani moja moja haifiki huko, kwa hiyo watu huona wako salama. Tatizo ni kwamba kampuni inaweza kudai mkusanyiko mzima ni kitu kimoja, na hapo sahani zote 600 zinaishia kwenye ile milioni 1. Uliza kwa barua pepe wanahesabu vipi, na jibu lao ulitunze pamoja na hati. Maneno ya wakala kwenye simu hayana kazi siku ya madai.

Kuna na hili la kukata bima pungufu, ambalo ndilo linaloumiza wengi. Tuseme vitu vyote vya nyumbani, sahani zikiwemo, vina thamani ya milioni 40, nawe umevikatia milioni 20. Bomba likipasuka na kuharibu sahani za milioni 6, hulipwi 6. Umelinda nusu ya mali, kwa hiyo unalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 3, kisha wanakata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati inakubebesha mwenyewe. Ukiongeza sahani kwenye bima, pandisha na jumla.

Sasa bei. Usichukue bei ambayo muuzaji ameitundika mtandaoni, maana anaweza kuomba chochote. Discogs, tovuti ya kuuza na kununua santuri, wanaonyesha bei za mauzo yaliyokwisha kufanyika: ya chini, ya kati na ya juu. Anza na ya kati, halafu irekebishe kwa hali ya sahani yako, kwa sababu pale wamechanganya iliyokwaruzwa na iliyo safi. Daraja VG (imetumika, ina mikwaruzo) na daraja NM (karibu na mpya) yanaachana mbali sana kwa bei. Hakikisha pia ni toleo lenyewe. Nyimbo za Franco zilizotolewa Nairobi kwa lebo ya ASL na zile zile zilizotoka Ulaya ni bidhaa mbili tofauti. Kinachozitofautisha ni lebo, namba ya katalogi na maandishi yaliyokwanguliwa kwenye pete tupu, pale nyimbo zinapoishia kabla ya karatasi ya lebo. Yapige picha ukimulika tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa juu unayafuta.

Bei hiyo bado si gharama ya kuirudisha sahani rafuni. Nyingi za kwetu zilishanunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani, kwa hiyo kuipata tena ni bei kwa dola au yuro, jumlisha usafirishaji, jumlisha ushuru wa forodha na VAT. Omba hati iseme unalipwa gharama ya kununua tena. Kwa zile za bei kubwa kabisa omba thamani ya makubaliano, yaani kiasi mnachokubaliana leo na kisichobishaniwa baadaye. Kama kwenye urithi huo kuna 78 (sahani za kale za mizunguko 78 kwa dakika) za Siti binti Saad, zile alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hizo zitaje moja moja bila ubishi. Ni sahani za shelaki, na zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo.

Usijitese kuorodhesha zote 600 kwa kina. Kwa dakika 3 kila moja ni saa 30, na utachoka ukiwa herufi C. Chagua 40 hadi 60 za bei, uziandikie msanii, lebo, namba ya katalogi, maandishi ya pete, daraja la sahani, daraja la jalada, bei na tarehe uliyoiona bei hiyo. Zilizobaki ziingie kwa jumla. LP, yaani sahani kubwa, zina majalada yenye mgongo unaosomeka, video ya rafu inatosha. Sahani ndogo za 45 za huku nyingi zimekaa kwenye karatasi tupu, video haitaonyesha kitu. Zitandaze sakafuni ishirini ishirini, lebo juu, upige picha. Sahani 400 ni picha 20 tu. Nakala zitumie kwenye barua pepe yako. Kompyuta iliyomo nyumbani humo itaungua pamoja na sahani.

Mchwa, panya, ukungu na kupinda kwa joto haviko kwenye bima, kwa sababu ni uharibifu wa polepole, na unyevu wa Tanga unaujua. Sahani zisimame wima, mbali na dirisha na ukuta unaovuja, rafu ikiwa juu ya sakafu walau sentimita 10. LP 100 na majalada yake ni kama kilo 25, hivyo rafu ya mbao laini itakuja chini. Kuvunjika kwa namna hiyo kunahitaji nyongeza ya "hatari zote", na nyongeza hiyo hiyo ndiyo inayozifuata sahani ukizitoa nje ya nyumba. Ukipiga muziki kwa malipo, sema mapema, maana hiyo wataihesabu biashara.

Kwenye wizi, hati nyingi zinataka alama za kuvunja. Dada wa kazi akiondoka nazo, au nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, jiandae kukataliwa.

Likitokea la kutokea, chukua RB (namba ya taarifa) polisi siku hiyo hiyo, iarifu kampuni kwa maandishi, na usitupe chochote. Vipande vya 78 vyenye lebo ni ushahidi. Zilizolowa zitoe kwenye majalada, zikauke kivulini zikiwa wima. Ukizianika juani zinapinda, na kampuni itasema umeziharibu mwenyewe. Wakishalipa, mabaki ni yao. Kama unazitaka hata zikiwa na doa, omba kuyanunua kabla hujasaini.

Pitia kwa dalali wa bima aliyesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na ujue kuwa bima haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Kama kuna lebo huzielewi, weka picha hapa, pande zote mbili.