Maswali ya Wasomaji: Bafu na Choo Wakati wa Joto la Kaskazi

Barua za safari hii zinatoka Mtwara na Lindi, na zote tatu zinahusu harufu: mbili zinalalamika kwamba tangu joto la kaskazi liingie, bafu na choo vimeanza kunuka, hata katika nyumba inayosuguliwa kila siku, na ya tatu inauliza namna ya kuleta harufu nzuri bafuni. Tumezifupisha bila kubadilisha maana yake, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mke wa nyumbani, naishi Shangani, Mtwara mjini, pamoja na mama mkwe wangu. Bafu letu limo ndani ya nyumba, lina choo cha kuflashi na sakafu ya vigae. Kila asubuhi nasugua kwa sabuni, lakini ikifika saa nane mchana harufu imerudi. Chumba cha wageni nacho kina bafu lake ambalo halitumiki kabisa, na hilo ndilo linalonuka kuliko lolote. Wiki iliyopita nilimwaga klorini sakafuni, kisha nikaongeza maji ya ndimu ili visaidiane, nikakohoa mpaka nikatoka nje machozi yakinitoka. Mama mkwe anaona aibu mbele ya wageni, anafukiza udi mara tatu kwa siku. Nifanye nini bila kununua madawa ya bei kubwa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la kukohoa, maana haliwezi kusubiri. Klorini ikikutana na tindikali yoyote, iwe ndimu, siki au dawa ya kung'arishia sinki la choo, hutoa gesi yenye sumu inayochoma koo na mapafu. Na ikikutana na mkojo uliokaa, hutoa mvuke mwingine mkali wa jamii hiyohiyo. Katika bafu dogo lililofungwa dirisha, mtu anaweza kuumia vibaya. Ukiamua kutumia klorini, itumie peke yake ikiwa imezimuliwa kwa maji, mlango na dirisha vikiwa wazi, na sakafu ikiwa imekwisha kusuuzwa. Siku ya ndimu au siki, klorini ibaki kabatini. Ikiwa kifua chako bado kinabana, nenda kituo cha afya leo.

Sasa tuje kwenye harufu yenyewe. Umesema kwamba bafu lisilotumika ndilo linalonuka zaidi, na kwa kusema hivyo umekwisha kushika ncha ya uzi. Chini ya kila tundu la kupitisha maji, liwe la sinki, la choo au la sakafuni, bomba hukunjwa ili maji kidogo yabaki ndani ya mkunjo. Mafundi wetu huuita trapu. Maji hayo machache ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo la maji taka isipande ndani ya nyumba. Wakati wa joto maji hayo hukauka, na katika bafu ambalo hakuna anayeoga, wiki chache zinatosha kukausha tundu la sakafuni, kisha nyumba nzima ikawa inavuta hewa ya shimoni bila mwenyewe kujua. Dawa yake haina gharama: kila Ijumaa, au siku yoyote utakayoikumbuka kwa urahisi, mimina kopo moja la maji katika kila tundu la bafu la wageni, na choo chake ukiflashi mara moja.

Je, utajuaje kwamba tatizo ni hilo? Udi wa mama mkwe usiudharau, ila kwa siku moja ubadilishie kazi. Washa udi wa kijiti, funga mlango na dirisha ili upepo utulie, kisha ushike kijiti karibu na tundu la sakafuni, upana wa vidole viwili hivi juu yake, na uangalie moshi. Ukipanda wima taratibu, tundu halisukumi hewa. Ukiona moshi unatikisika na kutawanywa kama unaopulizwa kutoka chini, hewa inapanda, na ama maji yamekauka ama trapu imepasuka au haikuwekwa tangu nyumba ilipojengwa. Fanya vivyo hivyo kuzunguka kitako cha sinki la choo, pale saruji inapokutana na vigae. Lakini tafadhali usipeleke moto kwenye chemba au shimo lililofunguliwa kifuniko huko nje, kwa kuwa gesi iliyojikusanya humo inaweza kuwaka.

Mimi mwenyewe nilihangaika miezi miwili na bafu langu kabla ya kufanya jaribio hili. Moshi ulitikisika juu ya tundu la sakafuni, nikapiga magoti na tochi, nikang'oa kifuniko kwa ncha ya kisu. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha plastiki kilichojaa nywele zilizosokotana na utando wa sabuni wa rangi ya kijivu, mzito kama uji uliolala, na ukingo wake mmoja ulikuwa umemeguka, kwa hiyo maji hayakuweza kukaa. Kikombe kipya nilikipata duka la vifaa vya ujenzi. Siku hiyohiyo harufu ilikwisha, baada ya miezi miwili ya kusugua mahali pasipohusika.

Kuna chanzo cha pili, ambacho nadhani ndicho kinachorudi kwako kila saa nane. Mkojo mbichi haunuki sana. Bakteria ndio wanaouvunjavunja na kutoa amonia, ile harufu inayopanda puani kwa ukali, na joto la nyuzi 30 na zaidi huwaharakishia kazi hiyo. Michirizi midogo hujificha chini ya ukingo wa sinki la choo, nyuma ya kitako chake, na katika mistari ya saruji kati ya vigae, ambamo deki hupita juu tu. Hapa ndimu na siki zinafaa kweli, kwa sababu tindikali huitengua amonia na kulainisha ukoga wa manjano uliogandamana. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, pakaza sehemu hizo, acha kwa nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, kisha suuza kwa maji mengi. Vigae na sinki havitadhurika, ila mistari ya saruji isuuzwe vizuri zaidi, na wenye sakafu ya niru au terazo wasitumie siki kabisa, kwa kuwa tindikali hula saruji na kuacha vishimo vitakavyokuwa makao mapya ya uchafu. Hao watosheke na sabuni, brashi na kukausha.

Kukausha ndiko ninakotaka ukutie moyoni. Hewa ya pwani yetu wakati wa kaskazi ina unyevu mwingi, na bafu likifungwa baada ya kuoga halikauki mpaka mtu mwingine aoge. Ukimaliza kuoga, pangusa kuta na sakafu kwa kipangusio cha mpira, acha mlango wazi, na uhakikishe kuna nafasi ya vidole viwili chini ya mlango, ili hewa ya baridi iingie chini na ya joto itoke kupitia kidirisha cha juu. Kisha panda kwenye kiti uutazame wavu wa mbu wa kidirisha hicho. Kwa nyumba za karibu na bahari kama Shangani, vumbi hushikana na chumvi, vitundu vya wavu vikazibika, na mwenye nyumba akaendelea kuamini kwamba ana dirisha. Upige brashi kavu kisha uuoshe kwa maji baridi. Taulo zianikwe juani, na brashi ya choo isisimame ndani ya kopo lenye maji.

Swali: Salaam. Naandika kutoka Lindi mjini. Nina nyumba ya wapangaji wanne, na choo ni cha shimo kilichoko uani, pamoja na sehemu ya kuogea ambayo maji yake yanaingia katika shimo hilohilo. Nimeweka bomba la hewa la inchi 4, lakini tangu Desemba harufu inafika mpaka barazani, na inzi ni wengi. Jirani yangu huchoma maganda ya korosho chooni kwake na anasema yanafukuza inzi. Naomba ushauri.

Jibu: Ndugu yangu, maganda ya korosho usiyachome. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua namna mafuta ya ganda lake yanavyounguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Inzi wataondoka kwa muda, na wapangaji wako wataondoka nao.

Anza kwa kulitoa shimoni lile bomba la maji ya kuogea. Shimo lenye maji mengi hunuka kuliko lililo kavu, hujaa upesi, tena huzalisha mbu. Yaelekeze maji hayo kwenye shimo dogo la peke yake lililojazwa kokoto, au kwenye migomba kama nafasi ipo, mbali na kisima. Kazi hii ni ya siku moja au mbili, na ningeifanya kabla ya kununua chochote.

Kuhusu bomba la hewa, hukunieleza limefika wapi. Nimeona mengi yaliyoishia chini ya ukingo wa bati, na hayo hayavuti kitu. Linatakiwa lipite juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa kwa nusu mita angalau, lisimame wima, na lisizibwe na tawi la mwembe, kwa sababu kinachovuta harufu ni upepo unaopita juu ya mdomo wake. Wengine hulipaka rangi nyeusi ili jua liipashe moto hewa iliyo ndani na kuipandisha zaidi. Inchi 4 zitasaidia, ila siku utakapolibadilisha chukua la inchi 6. Mtindo huu wa choo cha bomba la hewa ulitengenezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, na hesabu yake ni nyepesi: hewa safi iingie mlangoni, ishuke tunduni, ipande bombani. Kwa hiyo choo chenye bomba linalofanya kazi hakifunikwi tundu lake kwa kifuniko cha kubana. Kisicho na bomba ndicho kinachofunikwa kila baada ya matumizi.

Mdomo wa bomba ufunikwe kwa wavu wa aluminiamu, maana wa chuma huliwa na kutu upesi katika hewa ya bahari. Ndani ya choo pawe na giza kiasi: inzi aliyeko shimoni hufuata mwanga, akiuona juu ya bomba atapanda huko na kukwama wavuni badala ya kutokea tunduni. Ikiwa bado hujajenga ukuta wa mbele, uwazi wa kuingizia hewa uuelekeze mashariki, kwa sababu kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki, hivyo mashariki utazipata pepo zote mbili.

Majivu ya kuni yaliyopoa kabisa, kopo moja kila baada ya haja kubwa, hufunika, hukausha na kupunguza inzi. Maranda au pumba za mpunga pia hufaa. Klorini usimwage shimoni, kwa sababu huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi. Ukishamaliza, lete kijiti cha udi kinachofuka, ukishike juu ya tundu la choo: moshi ukivutwa kwenda chini, kazi imekamilika.

Swali: Assalaam alaykum dada. Niko Mikindani katika nyumba ya zamani yenye kuta nene. Bafu ni safi na trapu ni nzima, nimekwisha kukagua. Ningependa tu pawe na harufu nzuri bila dawa za kupuliza, ambazo zinanipandishia pumu. Mimea gani inafaa?

Jibu: Wa alaykum salaam dada yangu. Kwa kuwa una pumu, moshi wa udi na ubani nao uuweke mbali na bafu, kwani unaweza kukubana kama dawa ya kupuliza. Ninachokupendekezea ni vitu visivyofuka: fungu la kivumbasi au mrehani lililofungwa kwa uzi na kutundikwa karibu na kidirisha, libadilishwe likikauka, au karafuu kavu na maganda ya ndimu katika kisahani, palipo pakavu, maana yakilowa huota ukungu. Anza na kidogo, na ukiona kifua kinabadilika, liondoe fungu mara moja. Mkaa katika bakuli hunyonya harufu kidogo sana, usiutegemee. Asumini mbili tatu jioni zinatosha bafu dogo.

Ukiwa na nafasi uani, panda mchaichai na kivumbasi upande ule upepo unapotokea, ila mchaichai ukae hatua mbili kutoka ukutani, kwa kuwa kichaka chake hupanda mpaka mita moja, na kidirisha cha bafu cha nyumba za zamani mara nyingi kiko chini kuliko unavyodhani.