Kabla hujakisifu kimeng'enya, uliza chupa zililala wapi

Juzi mwanafunzi wa uzamili ameniandikia: "Dada, nzi wangu wametoka na macho mekundu kama nilivyotarajia. Nianze kuandika?" Nikamuuliza jambo moja tu: uliwalea kwa nyuzijoto ngapi?

Swali hilo nililinunua ghali. Nilikuwa na nzi wa matunda wa ukoo wa wm4. Kwao kipande cha kromosomu ya X kimegeuzwa, jeni ya white inayotia jicho wekundu ikajikuta jirani na eneo ambalo DNA imefungwa kwa kukazwa. Seli hii huiwasha, ile huinyamazisha, jicho linakuwa mabaka. Kimeng'enya Su(var)3-9 ndicho kinachosaidia kukaza: hubandika alama ndogo ya kemikali, methili, kwenye asidi amino iitwayo lisini, ya 9 katika histoni H3 (histoni ni protini zinazozungushiwa DNA), protini HP1 ikashika hapo, na ukimya ukasambaa. Haribu nakala moja tu ya jeni ya kimeng'enya hicho, na wekundu hurudi.

Wangu walirudi wekundu ajabu. Nikasimama mbele ya maabara nzima na picha zangu. Msimamizi akauliza chupa zilikaa wapi. Wenye mabadiliko ya jeni walikuwa kwenye nyuzi 25. Wa kulinganisha, kwa vile inkubeta ilijaa, niliwaweka kwenye 18. Na joto peke yake hupunguza mabaka, baridi huyaongeza. Watu walicheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Nilirudia yote, na mwezi huu matokeo yamekubaliwa. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kimeng'enya kweli.

Kwa hiyo pandisha nzi wako wote siku moja, chupa zikae rafu moja. Kusanya majike ndani ya saa 8 tangu watoke, la sivyo wameshapandwa. Linganisha macho ya nzi wa umri mmoja, maana rangi hukolea kadiri siku zinavyopita. Rafu moja, narudia.

Tena usiishie kwenye kimeng'enya. Waliochunguza E(z), kimeng'enya kingine kinachobandika methili, ila chenyewe kwenye lisini ya 27 ya H3, mwaka 2013 waliigusa histoni yenyewe: waliondoa jeni za histoni, zipatazo nakala 100, wakarudisha 12 ambazo lisini hiyo ya 27 imegeuzwa arginini, asidi amino ambayo E(z) haiwezi kuibandika methili. Seli zikawasha jeni za Hox, zinazoamua sehemu ipi ya mwili iwe nini, pasipostahili, sawa na zile zisizo na E(z). Huo ndio ushahidi tunaopaswa kuutamani, sisi tunaotaka majina yetu yaaminiwe.

Leo asubuhi mwanafunzi yule amejibu: inkubeta mbili tofauti. Pole, mdogo wangu. Pandisha upya kesho.