Blaze: tahajia moja, asili tofauti
Neno la Kiingereza blaze linawezaje kuwa moto mkali, doa la farasi na pia kueneza habari? Ni maneno tofauti yaliyokutana kwenye tahajia. La moto ni blæse ya Kiingereza cha Kale, yaani mwenge. La doa jeupe usoni mwa farasi lina undugu na blesi ya Kinorse cha Kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, na ndilo lililozaa to blaze a trail, yaani kuweka alama za njia: unabandua gome kwa shoka, mti mweupe wa ndani unaonekana, anayekufuata hapotei. Wengi hudhani ni kuchoma msitu, sivyo kabisa. La kueneza habari limetoka Kiholanzi cha Kati, blasen, kupuliza, kama tarumbeta. Liko Marko 1:45, Biblia ya King James ya 1611. Hapo usitafsiri "kuwaka".