Kiziduo cha pareto ni kitu gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nalima pareto huku Njombe, wanunuzi wakija wanasema maua yetu yanaenda kiwandani kutolewa kiziduo, na kwenye kopo la dawa ya mbu nimeona pia wameandika kiziduo cha pareto. Ndo nini hicho, unga wa maua? Alafu nikichemsha maua nyumbani nikapulizia mboga si nitakuwa nimekipata?

JIBU: Hapana ndugu yangu, unga ni ua zima lililosagwa, makapi yote yamo. Kiziduo ni kile kinachotolewa ndani ya ua kwa kimiminiko kinachoyeyusha dawa na kuyaacha makapi. Kwa pareto wanatumia sana heksani, kimiminiko cha jamii ya petroli, inapitishwa kwenye maua yaliyosagwa, dawa inayeyuka humo, alafu heksani inavukizwa inabaki kitu kizito cha kunata, hicho ndo kiziduo ghafi na bado kitasafishwa kutoa nta na rangi. Na hata kikisafishwa usidhani ni dawa tupu, kinaweza kuwa na pairethrini, yani ile dawa yenyewe ya ua inayoua wadudu, 50% hivi na zinazobaki ni mafuta na vitu vingine vya ua, ndo mana kwenye kopo angalia asilimia ya pairethrini, neno kiziduo peke yake halikwambii nguvu ya dawa.

Kuchemsha hakusaidii. Pairethrini haziyeyuki kwenye maji, na joto na mwanga vinaziharibu. Yani kimiminiko na joto ndo vinaamua utapata nini, hata dawa ya malaria ya artemisinini, nayo inatoka kwenye mmea, ilipatikana hivyohivyo, mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou wa China alitumia kimiminiko cha etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, mana joto kubwa lilikuwa linaua dawa, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Wewe faida yako iko shambani. Maua makavu yana pairethrini kama 1 mpaka 2% tu ya uzito wake na nyingi ziko kwenye vimbegu vya katikati ya ua, kwa hiyo chuma yaliyofunguka vizuri, kausha kwa kutandaza tabaka jembamba, yakishakauka usiyaache juani, weka pakavu pasipo na mwanga. Na tafadhali sana usijaribu kuyaloweka kwenye petroli au heksani nyumbani, mvuke wake unashika moto hata ukiwa mbali na jiko.